Mtoto mdogo na judo, jiujitsu au mieleka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi

Mimi ni mama wa watoto wawili wanaocheza judo hapa Dar es Salaam. Mwaka wa sita huu, kila Jumamosi asubuhi nipo pembeni ya mkeka nikiwafunga mikanda wadogo wa miaka mitano na sita. Si kocha. Lakini wazazi wapya huanza kwangu kabla ya kumfikia kocha, na maswali yao yanafanana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa, yakiwemo yale niliyojifunza kwa kuumia.

Mtoto aanze na umri gani?

Miaka mitano au sita inafaa kwa wengi. Wa miaka minne anaweza kuja, ila kwake darasa ni kucheza tu: kuruka kichurachura, kutambaa kama kenge, kubiringika, kunyang'anyana kitambaa kilichochomekwa kiunoni. Hicho ndicho anachopaswa kufanya kwa umri huo, na kocha anayemlazimisha wa miaka minne kurushana na mwenzake hajui watoto.

Mimi huwaambia wazazi wasitazame miaka sana. Je, anaweza kusubiri zamu yake? Ukimwambia "acha", anaacha? Anakwenda chooni mwenyewe? Akiyaweza hayo matatu, mlete. Kama bado, subiri miezi sita, hajachelewa kitu.

Judo, jiujitsu na mieleka vinatofautiana vipi?

Vyote ni michezo ya kukamatana bila ngumi wala mateke. Judo ilianzishwa na Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882, kwenye chumba cha hekalu chenye mikeka 12, akiwa na wanafunzi 9. Unavaa koti nene, unamkamata mwenzako kola na mkono wa koti, unamwangusha au unambana chini. Jiujitsu ya Brazili ilizaliwa kutokana na judo hiyo hiyo: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa shule ya Kano, alifika Brazili mwaka 1914, na waliojifunza kwake wakatilia mkazo mchezo wa chini. Mieleka ya Olimpiki haina koti. Mnakamatana mwili kwa mwili, na lengo ni kuyagusisha mabega yote mawili ya mwenzako chini.

Mieleka wenyewe si mgeni kwetu. Nani hajawaona watoto wakipigana mieleka kwenye mchanga wa Coco Beach jioni? Ngwala wanaijua kabla hawajaanza darasa la kwanza.

Kwa mtoto mdogo, tofauti kati ya michezo hii ni ndogo kuliko tofauti kati ya kocha na kocha. Nimeona darasa la jiujitsu linalofundisha vizuri kuliko la judo, na kinyume chake. Kama karibu na kwako kuna moja tu, na ni zuri, nenda hilo hilo. Nikisukumwa nichague, judo ina faida moja kwa mdogo: somo lake la kwanza kabisa ni kuanguka. Kuanguka atakuhitaji maisha yake yote, kwenye baiskeli, kwenye ngazi, kwenye mwembe wa jirani.

Nikienda kuangalia darasa, niangalie nini?

Angalia kisogo.

Nieleze. Darasa la kwanza nililompeleka mwanangu mkubwa, akiwa na miaka sita, nililichagua kwa sababu lilikuwa karibu na nyumbani na kabati lilijaa vikombe. Siku ya pili tu alipangwa na mtoto aliyemzidi kichwa kizima. Akapigwa ngwala, akaenda chini mgongo kwanza, na kisogo kikagonga. Nilisikia mlio nikiwa mlangoni. Kocha akamfuta vumbi, akamwambia mwanaume halii, akamrudisha mkekani. Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani alitapika mara mbili. Usiku ule tulilala hospitali, muuguzi akija kila baada ya muda kummulika macho kwa tochi. Alipona, alhamdulillahi. Pale hatukurudi.

Darasa la pili nililikuta kwa kuelekezwa na mama mwenzangu wa madrasa. Nilikaa kwenye benchi nimekunja mikono, nikisubiri kosa. Kocha aliwachuchumaza watoto kumi na wawili katika mstari, mikono wameipishanisha kifuani. "Fundo lenu liko wapi?" Wote wakainamisha kichwa kutazama fundo la mkanda. "Lisipotee!" Wakajiachia nyuma, wakaviringika kama mayai, viganja vikapiga mkeka kwa pamoja, paa, na hakuna kisogo hata kimoja kilichogusa chini. Ukilitazama fundo, kidevu kinashuka kifuani, na kidevu kikiwa kifuani kisogo hakifiki sakafuni. Siri yote ya kuanguka chali ni hiyo, na mtoto wa miaka mitano anaielewa. Wajapani wanaiita ukemi. Walirudia kwa karibu robo saa. Mwanangu alikaa mwezi mzima pale akianguka tu, bila kurushwa na mtu, na mimi sikuchoka kutazama.

Kwa hiyo nenda na saa. Hesabu dakika ngapi zinatumika kufundisha kuanguka. Kama ni sifuri, ondoka. Kisha subiri warushane, utazame mkono wa anayerusha: anaendelea kuushika mkono wa mwenzake mpaka atue, au anamwachia kama gunia? Anayefundishwa vizuri hushikilia na kuvuta juu kidogo, ndipo mwenzake hutua kwa ubavu. Tazama pia wanavyopangwa. Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kuzidiana kilo kumi, na kocha makini hupanga kwa uzito na uzoefu, hapangi kwa kuwa wamekaa karibu. Na atokee mmoja aumie au alie, uone kocha anafanya nini. Akipiga magoti mpaka macho yake yawe sawa na ya mtoto, umefika mahali pazuri.

Usitangaze kwamba utakuja. Na usiangalie mara moja, angalia mbili.

Je, michezo hii ni hatari?

Ikifundishwa ovyo, ndiyo. Nadhani mzazi ana haki ya kujua yaliyotokea Japani kwenyewe, nyumbani kwa judo. Kuanzia mwaka 1983, katika muda usiozidi miaka 30, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni. Wengi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wageni mkekani, na chanzo kikubwa kilikuwa kichwa kugonga na damu kuvuja kati ya fuvu na ubongo. Mtupo uliotajwa sana ni osotogari, ule wa kumfagia mwenzako mguu kwa nyuma na kumwangusha chali. Ndiyo ngwala yetu hiyo. Hawa walikuwa watoto wakubwa wa sekondari, wakifanyishwa mazoezi makali kabla shingo na mwili havijazoea kuanguka.

Sikuambii haya ili umfungie mtoto ndani. Nakuambia kwa sababu ajali za namna hii zina sababu inayojulikana, na sababu ikijulikana unaweza kuiuliza: "Kocha, mtoto mgeni anarushwa lini kwa mara ya kwanza, na kwa mtupo gani?" Jibu zuri litataja wiki kadhaa za kuanguka, kisha mitupo ya kuanzia magotini au ya polepole. Akikujibu "hata leo leo", chukua kandambili za mtoto muondoke.

Majeraha ya kawaida ni madogo: michubuko, kidole kuteguka, mara chache mtulinga au mkono kuvunjika kwa aliyeanguka akiwa ameunyoosha mkono kujikinga. Hapo tena ni suala la kujua kuanguka.

Akigonga kichwa nifanye nini?

Siku hiyo harudi mkekani, hata akisema yuko sawa, hata kama kocha amesema yuko sawa. Mkimbize hospitali akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia kusiko kwa kawaida, akichanganyikiwa, akiyumba, akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Na maumivu ya kichwa yakiendelea kesho yake au keshokutwa, asiguse mkeka mpaka daktari aruhusu. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuwa baya kupita kiasi.

Mikeka iweje?

Mikeka halisi ya judo ina unene wa sentimita 4 hivi, ni mizito, na imebanana pasipo mwanya wa kuingia kidole cha mguu. Vile vipande vya sponji vya rangi rangi vya kuungana kama fumbo, vyembamba, ni vya mtoto mchanga kuchezea sebuleni. Vikitandikwa juu ya saruji havimkingi anayerushwa. Piga goti moja juu yake kwa nguvu kiasi. Ukiumia wewe, na yeye ataumia. Tazama pia kinachozunguka mkeka, nguzo, madirisha, kona za meza.

Nitamwaminije kocha? Huu ni mchezo wa kushikana.

Swali hili wengine huniuliza kwa kunong'ona. Uliza kwa sauti, ni haki yako.

Mlango wa ukumbi uwe wazi na mzazi aruhusiwe kukaa kutazama siku yoyote. Mahali wanapokwambia "wazazi hawaruhusiwi, watoto wanadeka", usimwache mtoto. Kusiwe na mazoezi ya mtu mmoja na mtoto mmoja faragha. Wakati wa kubadili nguo kocha asiwemo chumbani. Kocha asimtumie mtoto ujumbe wa simu kwa siri, wala asimpeleke nyumbani peke yake kwa pikipiki. Uliza amefundishwa na nani, ana mkanda gani, chama gani kinamtambua, na nani mwingine mzima huwepo darasani. Watoto zaidi ya kumi na mtu mzima mmoja, kwangu ni wengi mno kwa umri huu.

Mfundishe mtoto, kabla ya siku ya kwanza, kwamba ana njia mbili za kusimamisha kila kitu: kugonga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja mara mbili, na kusema "basi". Kila anayesikia lazima aachie papo hapo. Mchezeni nyumbani, hata kwenye kutekenyana. Mwanangu wa pili alikuwa mtoto wa kunyamaza, wa kuvumilia kila kitu. Kugonga kulimfungua mdomo. Siku moja shangazi yake alimbana shavu kwa mapenzi, naye akamgonga mkono mara mbili. Shangazi akaachia.

Watafundishwa kupiga kabari?

Sisi wa mjini tukisikia kabari tunafikiria vibaka, kwa hiyo hofu yako naielewa. Katika judo, kukaba shingo na kukunja kiwiko huwekewa umri, na katika nchi nyingi haviruhusiwi kwa watoto wadogo. Jiujitsu huanza mapema zaidi, kwa hiyo huko uliza wazi: kwa umri wa mwanangu mnafundisha nini na mnakataza nini? Kwa aliye chini ya miaka kumi mimi nataka nisikie kubana chini, kutoka kwenye kubanwa, kusawazisha mwili, basi. Yanatosha kabisa kumshughulisha miaka kadhaa.

Nina binti. Anafaa? Na hijabu?

Anafaa sana. Judo ya wanawake imekuwemo rasmi kwenye Olimpiki tangu 1992, na mieleka ya wanawake tangu 2004. Katika umri wa miaka mitano hadi tisa wasichana na wavulana hawatofautiani nguvu kwa kiasi cha kukutisha, na wanangu wamebanwa chini na wasichana mara nyingi tu. Kama unapenda afanye na wasichana wenzake, mwambie kocha mapema, wengi hupanga bila shida.

Hijabu: asivae ya pini wala ya kuzungushwa shingoni. Ivaliwe ile ya michezo ya kuvutika, inayobana kichwa na kuishia chini ya kola. Kwenye Olimpiki ya London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alipanda mkekani akiwa amefunika nywele kwa kofia maalumu. Ndani ya koti avae fulana ya mikono mirefu. Suruali ya judo yenyewe ni pana na inastiri.

Kuinama mbele ya mwenzake hakupingani na dini yetu?

Nami nilikuwa na swali hili, nikampelekea kocha kabla ya kulipa ada. Alinieleza kwamba kule kuinama ni salamu, kama sisi tunavyopeana mikono, ni shukrani kwa mwenzako aliyekukopesha mwili wake ujifunzie. Kwa familia zisizoridhika aliwaruhusu watoto waweke mkono kifuani na kutikisa kichwa kidogo. Moyo wangu ulitulia, wanangu wanatikisa kichwa. Kwenye mashindano makubwa kuna utaratibu wake, kwa hiyo kama una shaka zungumza na kocha, na muulize ustadh unayemwamini. Kocha anayekasirikia swali hili si wa kumwachia mtoto.

Hatageuka mgomvi?

Mwezi wa tatu hivi tangu aanze, mwanangu mkubwa alimpiga mdogo wake ngwala sebuleni, kwenye vigae. Mdogo alitua kwa makalio, Mungu akasaidia. Sikumchapa. Nilimpeleka kwa kocha Jumamosi iliyofuata akaeleze mwenyewe. Kocha alimuuliza jambo moja: "Mdogo wako anajua kuanguka?" Akajibu hapana. "Basi ulimrusha mtu asiyejua kuanguka, pasipo mkeka." Akamkalisha nje siku ile, na kazi yake ya mwezi mzima ikawa kumfundisha mdogo wake kuanguka, juu ya godoro, mimi nikiwepo.

Ndiyo sheria ya nyumba yetu hadi leo: mkekani tu, na kwa anayejua kuanguka tu. Watoto wanaofundishwa hivi, nilivyoona, hupungua ugomvi, kwani hamu ya kukamatana imeshapata mahali pake. Lakini kocha asiposema lolote kuhusu shuleni na mtaani, nyumbani peke yako utafanya kazi kubwa.

Mwanangu ana pumu, au selimundu, au hali nyingine. Aje?

Daktari kwanza, kila mara. Mwenye pumu wengi hucheza vizuri, ila dawa ya kuvuta iwe ukumbini, si nyumbani kabatini, na kocha ajue ilipo. Mwenye selimundu anahitaji maji mara kwa mara, kupumzika anapotaka bila kuzomewa, na kukwepa kuchoka kupindukia au kupigwa baridi akiwa na jasho. Kocha asiyeweza kumruhusu mtoto akae chini hamfai. Kwa mtoto mwenye Down sindromu, shingo ichunguzwe na daktari kabla ya judo, jiujitsu au mieleka, kwa sababu baadhi yao pingili mbili za juu za shingo huwa zimelegea.

Magonjwa ya ngozi je?

Yapo, mapunye na fangasi hasa. Mkeka upigwe deki kwa dawa kila siku ya mazoezi. Kucha zikatwe, miguu ioshwe kabla ya kupanda, kandambili zivuliwe ukingoni mwa mkeka na kuvaliwa kwenda chooni. Mtoto aoge mara akifika nyumbani, na nguo zifuliwe kila baada ya zoezi. Mwenye kipele cha duara au kidonda kibichi abaki nyumbani mpaka apone. Najua inauma umeshalipia mwezi, lakini anao wenzake kumi na wawili.

Vazi lake ni ghali?

Usinunue mwezi wa kwanza. Fulana na suruali ya michezo isiyo na zipu wala vifungo inatosha. Akipenda, tafuta la mtumba, maana mara nyingine makoti mazuri ya judo hutokea kwenye marobota na wauzaji hawajui ni kitu gani. La kwanza la mwanangu lilishonwa na fundi wa mtaani kwa kitambaa cha marekani, mishono miwili miwili mabegani na kwenye kola. Lilidumu mwaka na nusu, na mdogo wake akalirithi.

Mikanda na mashindano?

Katika judo mtoto huanza na mweupe, kisha manjano, chungwa, kijani na kuendelea. Jiujitsu ya Brazili ina mikanda ya watoto peke yao: mweupe, kijivu, manjano, chungwa, kijani, hadi afikishe miaka 16. Mahali panapomwahidi mtoto wa miaka tisa mkanda mweusi panauza kitambaa. Tahadhari pia na pale ambapo kila miezi miwili kuna ada ya mtihani.

Mashindano yasubiri. Machi 2022 shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano yake ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, kwa sababu wazazi na makocha walizidisha uchu wa ushindi, hata watoto kupunguzishwa uzito. Hao ndio wenye mchezo. Sisi tunakimbilia wapi? Michezo midogo ya kirafiki ukumbini, kila mtoto akipata raundi mbili tatu na soda mwishoni, inatosha mpaka afike miaka kumi na kitu. Na mtu yeyote, kocha au ndugu, akimwambia mtoto wako asile ili aingie kwenye uzito fulani, kataa hapo hapo. Ndoto kubwa zina wakati wake: Andrew Thomas Mlugu aliichezea Tanzania judo kwenye Olimpiki ya Paris 2024, naye ni mtu mzima.

Siku ya kwanza analia, hataki kuingia.

Kaa naye ukingoni. Usimsukume, usimwahidi chipsi, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mvue viatu tu, aweke nyayo mkekani huku amekushika. Mwanangu mdogo alifanya hivyo Jumamosi tatu, akitazama wenzake wakiangalia mafundo yao na kujiachia nyuma. Jumamosi ya nne nilihisi mkono wake haupo tena kwenye mkono wangu. Nilipogeuka alikuwa amechuchumaa mwishoni mwa mstari, mikono kifuani, hana hata mkanda, akitafuta fundo la kutazama.